Siku Niliyofunga Maji Kondoa

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ndivyo nilivyoandika nyuma ya daftari langu la hesabu nikiwa na miaka tisa, na chini yake nikaweka sentensi moja tu: "Leo nimefunga maji ya watu." Niliiandika kwa kujivuna, maana hata herufi zimesimama wima kuliko kawaida yangu. Wiki hii tulikuwa tunahamisha masanduku ili fundi apige plasta chumba tunacholala mimi na mdogo wangu, daftari likadondoka, likafunguka hapohapo. Karatasi bado zina harufu ya tope lililokauka. Nikakaa nalo mapajani mpaka mama akauliza kama nimelala au naumwa.

Sijawahi kumsimulia mtu wa rika langu. Mimi si mwongeaji. Darasani mwalimu akiuliza swali ambalo jibu ninalo, natazama dawati mpaka ajibu mwingine, halafu najichukia nusu saa nzima. Lakini kuandika naandika kila siku, na hili naona niliandike lote, pamoja na pale niliponyamaza.

Kwetu ni Miyuji, Dodoma mjini. Siku zile maji ya bomba yalikuja kwa mgao, Jumanne na Ijumaa, na yakija yalianza kwa kukohoa. Bomba linapiga chafya za hewa, linatema kitu chekundu, halafu ndipo maji. Tulijaza pipa, ndoo, madumu, masufuria, hata chupa za soda. Hakuna sauti tuliyoiogopa kama ya ndoo inayofurika. Mama alikuwa na sheria moja kuhusu jambo hilo na hakutaka ijadiliwe: maji yakimwagika na hakuna mtu, wewe uliye karibu funga, yawe yako yasiwe yako. Niliwahi kuingia uani kwa jirani ambaye hakuwepo, nikafunga bomba lake lililokuwa linamwaga, na aliporudi akaja kwetu na chapati mbili kwenye sahani iliyofunikwa. "Huyu mtoto ana akili ya mtu mzima," alimwambia mama. Chapati ziliisha siku hiyohiyo. Yale maneno niliyatembeza kichwani mwaka mzima.

Baba ni Mrangi wa Kondoa mjini, mama ni Mgogo wa Ihumwa, na kwa sababu wanazozijua watu wazima wenyewe, nilifika miaka tisa sijawahi kupelekwa upande wa baba. Likizo hiyo baba akanipeleka, akalala usiku mmoja, akarudi kazini. Nikabaki na Babu na Shangazi Halima, dada mkubwa wa baba, fundi cherehani, aliyekuwa anaishi na Babu tangu Bibi alipofariki.

Wenzangu wakisema wamekwenda Kondoa huwa wanamaanisha Kolo, kule kwenye michoro ya mapangoni. Wanapiga picha kwenye jiwe, wanarudi. Kondoa yangu mimi ni ya mjini, chini ya chemchemi, ambako maji yalikuwa yanapita mbele ya nyumba za watu kama mtu aliyetumwa dukani na anajua njia. Mfereji wa udongo, upana wa hatua yangu moja, ulishuka katikati ya nyumba za zamani, ukazunguka kona, ukapita chini ya ubao uliowekwa kama daraja, ukagawanyika, ukagawanyika tena. Usiku wa kwanza niliusikia nikiwa kitandani na nikashindwa kulala. Nilikuwa nasubiri mtu ainuke akaufunge.

Babu alinichekesha tangu nilipofika. Aliniita mchumba, akaniuliza kama ni kweli Dodoma watu wanaoga kwa kikombe. Nikatikisa kichwa.

"Kwa kijiko?"

Nikacheka nimejiziba mdomo.

Ijumaa jioni tukila, alikuwa analalamikia vitunguu vyake, miche aliyoihamishia bustanini juzi yake. Zamu yake ya maji ilikuwa Jumanne. "Mpaka Jumanne vitakuwa nyasi," alimwambia Shangazi. "Kwa jua hili, ningekuwa kijana ningefanya mambo."

"Usifanye mambo, mzee," Shangazi akasema, na wote wawili wakacheka.

Mimi zamu niliielewa kwa Kimiyuji. Nilidhani Jumanne ndiyo siku bomba lao linapotoa maji.

Jumamosi Shangazi akaifunika cherehani yake kitenge. "Leo nakutembeza mji mzima," akasema. "Usije ukamwambia mama yako tulikuficha ndani." Nikavaa gauni la sikukuu, na saa ya plastiki aliyoninunulia baba ili nijifunze kusoma saa, na kifuko changu cha begani chenye daftari na penseli. Tulikuwa tumeshuka hatua chache tu Shangazi akakumbuka mwavuli. "Nisubiri hapa penye panda. Usisogee."

Pale panda mfereji uligawanyika njia mbili. Njia moja iliteremka moja kwa moja mpaka bustani ya Babu, ambayo ilikuwa ya mwisho, hakuna nyingine chini yake. Njia ya pili ilikata kulia ikapenya chini ya ua wa minyaa. Mtu alikuwa amesimamisha kipande cha bati kuziba ile njia ya chini, akakishikiza kwa mawe na tope, kwa hiyo maji yote yalikuwa yanaingia minyaani. Nikachungulia. Kwa kimo changu niliona majani tu, maji yanapotelea humo yakimeremeta, na hakuna mtu. Nikapiga hodi kwa sauti yangu ile ambayo hata kuku haimshtui. Kimya.

Mtoto wa Kondoa asingelifanya nililolifanya hata akiwa na miaka mitatu. Nilivua ndala, nikaingia kwenye maji, yakawa ya baridi mpaka magotini, nikang'oa lile bati na kulihamishia kwenye mdomo wa kulia. Nikalishindilia kwa mawe yaleyale. Nikachota tope kwa viganja nikaziba na pembeni, vizuri kabisa, kama mama anavyoziba sufuria ya pilau kwa unga. Maji yakasimama kidogo, yakafikiri, halafu yakashika njia ya chini. Kwa akili yangu ile, yalikuwa yamerudi kwenye bomba lao, yaani mfereji. Nikanawa mikono, nikatazama saa, nikaandika.

Shangazi aliporudi aliona pindo la gauni limelowa. "Umeanza kucheza na maji? Haya, haki yako, kwenu hamna." Akanishika mkono tukapanda juu. Sikumwambia. Sifa ya kujitangazia mwenyewe si tamu; nilitaka aisikie kwa watu.

Tukaanzia kwenye chemchemi yenyewe. Sijui nilitegemea nini, labda mashine. Palikuwa na kivuli kizito cha miti mikubwa na maji yanachemka taratibu kutoka mchangani bila moto, mchanga unapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Wanawake walikuwa wanachota bila haraka. Hakuna aliyepanga ndoo foleni, na hakuna aliyekuwa na sura ya ugomvi.

"Nani anafunga usiku?" nikamuuliza Shangazi. Lilikuwa swali langu la kwanza tangu nifike Kondoa, na akainama kunisogelea ili nisione aibu.

"Hayafungwi, mwanangu. Yanatoka tu."

"Hata Jumatano?"

"Hata Jumatano."

Nilisikitika mno. Niliwaona watu wa Kondoa kuwa ni watu wazuri ambao hawajafundishwa. Nikafurahi kwamba angalau sehemu moja nimewasaidia.

Tukatembea. Shangazi alijua kila nyumba: hii ilikuwa ya Mwarabu muuza nguo, ile ilikuwa na ghorofa ikaanguka, mlango huu umeletwa na wapagazi kutoka pwani vipande vipande. Niliweka kiganja juu ya mlango ule. Ulikuwa na misumari mikubwa ya chuma iliyopata joto la jua, na mbao zake zilikuwa nyeusi na laini pale watu walipozoea kusukuma. Alisema misafara ya zamani ilikuwa ikipumzika hapa kwa sababu ya maji tu, ng'ombe na punda na watu wamebeba mizigo kichwani, wanakunywa wanalala, wengine wakakataa kuendelea ndio wakawa mababu zetu. Niliwaelewa. Tukapita boma la Wajerumani, lenye kuta nene hata ukisimama kivulini mwake unahisi baridi ya jana. Tukasimama darajani kutazama mto, ambao ulikuwa mchanga mtupu mweupe, na watu wamechimba visima vidogo katikati yake. Hilo halikunishangaza. Mto wa namna hiyo naujua.

Kwa muuza asali tukakaa kwenye benchi. Alikuwa mama mnene mwenye meno mazuri, akanionjesha asali kwenye kijiti.

"Ndiye mtoto wa kaka yako wa Miyuji? Mbona kimya, wamemkata ulimi?"

"Ulimi anao," Shangazi akajibu. "Anauweka akiba."

"Kama maji ya kwao."

Wakacheka mpaka wakapigana viganja. Mimi nilikuwa natazama mdomo wa yule mama, nikisubiri aseme, kwani hujasikia, huyu mtoto amefunga maji yaliyokuwa yanapotea. Kila mtu aliyemsimamisha Shangazi njiani nilimtazama hivyo. Fundi viatu. Wazee wa barazani msikitini. Mama muuza mihogo aliyetukaangia kwenye karai na kutumwagia kachumbari yenye pilipili mpaka nikatokwa machozi. Hakuna aliyesema. Lakini sikukata tamaa, na niseme kweli, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizokuwa nimeziishi. Sikuwahi kutembezwa na mtu mzima asiyekuwa na haraka.

Tulirudi baada ya laasiri. Kutoka mbali tuliona watu watatu uani. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Mbele yake alisimama Mzee Bakari, mgawa maji wa mfereji wetu, mwenye jembe begani na suruali imekunjwa mpaka magotini. Kando yake Bi Salima, jirani, mjane, ambaye ndiye mwenye ile bustani ya nyuma ya minyaa.

"Halima, afadhali umekuja," Mzee Bakari akasema. "Mimi neno hili linanishinda."

Akalieleza polepole, akimwangalia Shangazi ili asimwangalie Babu. Jumamosi ni zamu ya Bi Salima. Alimfungulia yeye mwenyewe asubuhi, Bi Salima akaenda sokoni kuuza mchicha akijua bustani inakunywa. Karudi, matuta manne ya mbele yamelowa, mengine kumi vumbi, na mdomo wake umezibwa kwa tope. Maji yote yako kwa Mzee Omari, yaani Babu. Yamesimama mpaka kwenye kingo.

Nilisikia masikio yangu yanapata moto.

"Mie sina ugomvi na wewe, kaka Omari," Bi Salima akasema. "Nina ugomvi na vumbi langu. Ungeniomba ningekupa nusu siku. Nani amewahi kukunyima?"

"Sikufungua," Babu akasema.

"Mchana kutwa ulikuwa hapa peke yako, mzee wangu," Mzee Bakari akasema.

"Nilikuwa hapa. Nimelala, nimesikiliza redio. Sikufungua."

"Sasa mimi nifanyeje? Sheria hii nimeikuta kwako. Wewe ndiye uliyenifundisha kugawa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba kabla ya Mzee Bakari, kwa miaka mingi, Babu ndiye alikuwa mgawa maji. Yeye ndiye aliyekuwa anasimama kwenye nyua za watu na jembe begani. Babu akakung'uta kitu kwenye kanzu yake ambacho mimi sikukiona.

"Anayekutwa na maji siku isiyo yake anakosa zamu mbili," akasema. "Maji yako kwangu. Andika zangu mbili."

"Mzee Omari..."

"Nenda, Bakari. Usiku unaingia, na huyu mama hajapika."

Wakaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Shangazi, nimeshika kitenge chake, na maneno yote yalikuwepo. Nilikuwa nayo yamepangwa: ni mimi, nilidhani yanamwagika. Hata sasa nikiyaandika naona ni machache. Nilifungua mdomo mara mbili. Hakikutoka kitu, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kilichokuwa kinajaribu kutoka.

Kisha Shangazi akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulioharibu, "Baba, kama vitunguu vimekushinda ungeniambia. Ningebeba ndoo usiku."

Babu akamgeukia. "Hata wewe, Halima?"

Akainuka akaenda kutawadha. Tulipokula hakuniita mchumba. Alimega ugali mara tatu, akasema ameshiba, akatuachia mboga yote. Shangazi aliosha vyombo akivigonganisha. Nililala upande wa ukutani nikisikia maji yanapita nje, na kwa mara ya kwanza sikutaka mtu ayafunge. Nilitaka yapite yaniache.

Asubuhi, Jumapili, Babu aliswali halafu akakaa palepale kwenye mkeka. Nilikuwa nimeona siku mbili mfululizo kwamba baada ya swala huwa anashuka mferejini, si kwa kazi, kuangalia tu na kusalimiana na watu. Siku hiyo hakushuka. Shangazi alikuwa jikoni anawasha moto. Nilisimama mlangoni nikamtazama Babu mgongo, shingo yake nyembamba ndani ya kola, nikajua kwamba nikisubiri nipate ujasiri nitarudi Miyuji sijaupata. Nikatoka bila ndala.

Penye panda alikuwepo Mzee Bakari anamfungulia mwenye zamu ya Jumapili, ambaye maji yake hupita kwa Bi Salima kwenda bustani ya mbele, na wanaume wawili wamesimama na majembe yao. Bi Salima alikuwa kwenye mlango wa ua wake wa minyaa na ndoo na kopo, anamwagilia mche mmojammoja. Alikuwa ameinama na hakuinuka niliposema shikamoo, kwa sababu hakusikia.

Nikaingia kwenye maji. Nilikwenda moja kwa moja kwenye bati, nikalishika kwa mikono miwili, nikaling'oa.

"We mtoto! Acha hicho!"

Sikuacha. Nikalihamisha mpaka kwenye mdomo wa Bi Salima, nikalikita, nikaweka jiwe la kwanza, jiwe la pili, nikachota tope nikaanza kuziba pembeni. Mzee Bakari alikuwa ameinua mguu aje kunikamata. Akausimamisha. Akatazama lile tope, namna lilivyobandikwa kwa viganja vidogo na alama za vidole, na akatazama mikono yangu.

"Jana," nikasema.

"Jana nini?"

"Ni mimi. Nilidhani yanamwagika. Nyumbani yakimwagika tunafunga."

"Sijasikia. Sema tena."

Nikasema tena. Bi Salima akasogea na kopo lake mkononi akauliza, anasemaje huyu, na Mzee Bakari akaniambia, "Mwambie na yeye." Nikasema mara ya tatu, na mara ya tatu hata mimi nilijisikia. Mmoja wa wale wanaume akaanza kucheka, akamwambia mwenzake, "Mgogo kaja kutufungia chemchemi," na Mzee Bakari akamwambia anyamaze, lakini na yeye kicheko kilikuwa kimeshaanza kumponyoka.

Bi Salima hakucheka. Alichuchumaa akanishika kidevu kwa mkono wenye tope. "Ulitaka kuniokolea maji yangu?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Haya. Yamekwenda." Akainuka, akajipangusa. "Bakari, zile zamu mbili ulizomkata kaka Omari, zifute. Sitaki."

"Na matuta yako?"

"Jumanne atanigawia. Tena aje mwenyewe na jembe, asitume mtu."

Mzee Bakari akanitoa kwenye maji kwa kunishika kwapa kama mbuzi. "Nenda kamwambie shangazi yako tunakuja kunywa uji," akasema. "Wote sisi. Na umwambie sababu. Mimi sisemi, sema wewe."

Nilipanda kile kimlima nikirudia maneno yale njia nzima ili yasipoe. Shangazi alikuwa ameinama mbele ya sufuria ya uji wa ulezi, moshi umemwingia machoni. Nikasimama karibu naye nikasema yote: bati, minyaa, tope, mara tatu, uji. Nilisema haraka na kwa sauti iliyonishangaza. Hakunigombeza. Mkono wake uliendelea kukoroga kidogo, kama haujapata habari, kisha ukasimama. Akanipa mwiko. Akatoka kama alivyo, peku, na kanga imemteleza begani, akaenda kule kwenye mkeka.

Sikusikia walichosema. Niliona tu kwamba alipiga magoti mbele ya baba yake, mtu mzima mwenye mvi, na kwamba Babu kwanza alitazama pembeni, halafu akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka. Uji ukaanza kutokota. Nilikuwa sijawahi kukoroga uji wa watu wengi, na niliogopa ukishika chini Shangazi atasikia harufu, atainuka kabla hawajamaliza. Kwa hiyo nilikoroga kwa mikono yote miwili, mpaka mabega yakaniuma.